Jiko jipya la kuni la besimenti: pima dohani kwanza

Kwa wanaopasha nyumba joto kutoka besimenti (chumba cha chini ya nyumba) huko Maine au Minnesota, majimbo ya baridi ya Marekani, na wanataka kubadilisha jiko la zamani: kabla ya kuuliza bei, chukua futi kamba upime dohani. Majiko mengi ya zamani yalitumia bomba la inchi 8, mapya kwa kawaida ni inchi 6. Ukiunga la 6 kwenye dohani ya 8, nafasi ya ndani inakuwa karibu mara mbili. Moshi unapanda polepole, unapoa kabla ya kutoka, na kuacha masizi yenye lami. Hayo ndiyo yanayoshika moto. Teremsha bomba la chuma cha pua la inchi 6 kutoka juu hadi kwenye jiko (kipunguzio, yaani kipande cha kuunga bomba la 6 na la 8, peke yake hakitoshi, hata muuzaji akiapa).

Hili halisaidii kama besimenti yenyewe inakosa hewa. Moshi ukirudi ndani wakati wa kuwasha, zima mashine ya kukaushia nguo na feni za kutolea hewa, kisha fungua dirisha la hukohuko chini. Moshi ukikoma, dohani haina kosa; besimenti ndiyo inayokosa hewa. Tafuta jiko linaloungwa bomba la hewa ya nje.