Namna ya Kuilinda Akaunti ya Hundi Isishuke Chini ya Sifuri wala Kuliwa na Makato

Nilikaa nyuma ya kaunta ya benki kwa miaka tisa, na sasa ninatunza hesabu za wafanyabiashara wadogo hapa Tanga, wengi wao wakiwa wa Ngamiani, Makorora na soko la Mgandini. Katika kazi zote mbili nimeona jambo moja likijirudia: anayekatwa pesa mara kwa mara si lazima awe mwenye kipato kidogo, bali ni yule ambaye pesa zake huingia na kutoka kwa tarehe asizozifuatilia. Mwongozo huu unahusu akaunti ya hundi, yaani ile inayotumika kuandikia hundi, kupokea malipo ya wateja na kulipia marejesho ya mkopo, ingawa sehemu kubwa yake inamfaa pia mwenye akaunti ya akiba au ya mshahara. Utahitaji taarifa ya akaunti ya miezi mitatu, daftari, kalamu nyekundu na mchana mmoja usio na haraka.

Hatua ya 1: Isome taarifa ya akaunti mstari kwa mstari

Kama benki yako ina programu ya simu, itoe taarifa humo, kwa sababu ile inayochapwa kaunta mara nyingi hutozwa kwa kila ukurasa, na si busara kuanza kupambana na makato kwa kukatwa. Kwa kalamu nyekundu, weka alama kwenye kila mstari ambao pesa imetoka bila wewe mwenyewe kuagiza siku hiyo. Utakuta ada ya mwezi ya kuendesha akaunti, ada za kutoa na kuhamisha fedha, marejesho ya mkopo, maagizo ya kudumu (yaani ruhusa kwa benki ilipe kiasi fulani kila tarehe fulani) uliyosaini zamani ukayasahau, na kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, ambayo hukokotolewa juu ya ada yenyewe na si juu ya pesa uliyohamisha. Watu wengi huja kwangu wakilalamikia kodi hiyo kana kwamba ni wizi wa benki. Benki haibaki nayo, lakini ukiipunguza ada, na kodi yake inapungua.

Kisha tenga mistari ya adhabu: hundi iliyorudi, yaani iliyokataliwa kwa kuwa salio halikutosha, agizo la kudumu lililoshindikana, rejesho lililochelewa, riba ya kuzidisha salio. Hizi ndizo za kuandama kwanza, kwa sababu ada ya kutoa pesa angalau umepewa pesa mkononi, lakini adhabu hujapewa chochote. Omba pia jedwali la ada za akaunti yako mahususi, si la benki kwa jumla, kwani benki hiyo hiyo huwa na akaunti tano na ada tano tofauti. Usione haya kuliomba. Kanuni za Benki Kuu ya Tanzania za mwaka 2019 kuhusu kumlinda mtumiaji wa huduma za fedha zinamtaka mtoa huduma amweleze mteja gharama zake waziwazi.

Hatua ya 2: Jua tofauti ya salio unaloliona na salio unaloweza kulitumia

Hapa ndipo wengi wanapoangukia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Mama mmoja anayenunua samaki pale Deep Sea na kuwapelekea wenye hoteli alikuja ofisini kwangu siku ya Jumatano akiwa ameshika simu mkononi kama mtu aliyeshika ushahidi. Nikamwamkia, akaitikia, na kabla hajakaa akasema, “Mwanangu, hebu nitazamie hapa. Pesa ipo, naiona kwa macho yangu, na hundi yangu wameirudisha.” Tukaifungua taarifa yake pamoja. Takwimu ninazozitaja hapa nimezisawazisha ili asitambulike, lakini mtiririko ndio uliokuwa.

Siku ya Ijumaa alasiri alikuwa na shilingi 410,000 katika akaunti. Akaweka hundi ya hoteli ya shilingi 900,000 iliyotolewa na benki nyingine. Jioni alipoangalia simu aliona 1,310,000, akafurahi, na usiku huohuo akamwandikia mwenye kiwanda cha barafu hundi ya 700,000. Alichokiona ni salio la leja, ambalo huhesabu hata hundi ambayo bado haijathibitishwa na benki iliyoitoa. Salio la kutumia lilikuwa bado ni 410,000, kwa sababu hundi ya benki nyingine hupita kwanza kwenye mfumo wa Benki Kuu wa kubadilishana hundi, na Jumamosi na Jumapili hazihesabiwi kuwa siku za kazi. Jumatatu asubuhi mwenye barafu akawahi benki, na hundi ikarudi.

Adhabu ya hundi kurudi katika benki yake ilikuwa 35,000, na kodi yake 6,300. Jumla 41,300. Salio likabaki 368,700. Jumanne ilikuwa siku ya rejesho la mkopo wake la 380,000. Tazama hesabu hiyo vizuri: kama hundi hiyo isingeandikwa, zile 410,000 zingelilipa rejesho na chenji kubaki. Sasa zilipungua 11,300 tu, rejesho likashindikana, na adhabu ya pili ikaandikwa kwenye mkopo. Jumanne jioni hundi ya hoteli ikakubaliwa, akaunti ikajaa, na ndiyo maana Jumatano alikuwa akiiona pesa kwa macho yake.

Kwa hiyo, kabla ya kuandika hundi yoyote, tafuta kwenye programu au muulize mhudumu neno “salio linalopatikana”, na usikubali jibu la “salio” peke yake. Ukiweka hundi ya benki nyingine, uliza siku gani utaruhusiwa kuitumia, iandike daftarini, na mpaka siku hiyo ifike ichukulie kuwa haipo. Mteja mkubwa anayekulipa kwa hundi mwombe ahamishe fedha moja kwa moja akaunti kwa akaunti. Mfumo wa taifa wa malipo ya papo hapo, unaojulikana kwa kifupi kama TIPS, umeunganisha benki na mitandao ya simu, na pesa inayopita humo huwa tayari kutumika ikifika. Wenye hoteli wengine hupenda hundi kwa sababu inawapa siku mbili tatu za kupumua. Siku hizo wanazipumua kwa pafu lako.

Hatua ya 3: Panga tarehe

Chora mwezi kwenye ukurasa mmoja wa daftari, tarehe 1 hadi 31. Upande mmoja andika pesa zinazoingia na upande wa pili zinazotoka zenyewe. Ukikuta rejesho la mkopo linatoka tarehe 23 na mshahara au malipo ya mteja wako mkubwa yanaingia tarehe 25, hapo huhitaji kuongeza kipato, unahitaji kuandika barua. Omba tarehe ya rejesho isogezwe mpaka siku tatu baada ya siku ya kawaida ya pesa kuingia. Nilipokuwa kaunta, maombi ya namna hii yalikuwa yakikubaliwa mara nyingi kuliko watu wanavyodhani, mradi mkopo hauna deni la nyuma. Wenye machungwa wa Muheza, ambao pesa yao huja kwa msimu, waombe ratiba ya marejesho inayofuata msimu tangu siku ya kusaini mkopo, kwani kuibadilisha baadaye ni kazi nzito zaidi.

Hatua ya 4: Weka sakafu

Sakafu ni kiasi ambacho unakubaliana na nafsi yako kwamba hakipo. Si kile kima cha chini ambacho benki inakulazimisha kukiacha. Hicho ni chao, na hii ni yako, juu yake. Namna ninayoitumia kuipata ni kuchukua kato moja kubwa kuliko yote ya mwezi, kuongeza jumla ya ada za mwezi mmoja, na kuipandisha hadi namba nzima. Kwa yule mama, rejesho lilikuwa 380,000 na ada za mwezi zilikaribia 20,000, hivyo sakafu yake ikawa 400,000.

Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na katika jambo hili daftari lina kazi maalumu: humo utaandika salio baada ya kutoa sakafu. Akaunti ikiwa na 410,000, yeye anaandika 10,000, na anafanya maamuzi yake kwa hiyo 10,000. Ni kama nahodha anayejua kwamba maji yakipwa chombo kitakaa mchangani, hivyo hahesabu kina cha maji yaliyojaa. Rejesho likija kabla ya pesa kuingia, sakafu inalipokea. Pesa ikiingia, sakafu inajazwa kwanza kabla ya matumizi mengine.

Najua si kila mtu ana 400,000 ya kuilaza. Yeye mwenyewe hakuwa nayo. Aliweka 20,000 kila Ijumaa baada ya kukusanya madeni, na katika wiki ya ishirini sakafu ikakamilika. Katika wiki hizo hakuandika hundi hata moja. Alilipa kwa kuhamisha fedha, kwani uhamisho usio na salio kwa kawaida hukataliwa palepale, wakati hundi huenda ikarudi ikiwa na adhabu na ikiwa imeshaharibu jina lako kwa mwenye barafu.

Hatua ya 5: Amua kuhusu ovadrafti kabla hujaihitaji

Ovadrafti ni ruhusa ya kutumia zaidi ya salio lako. Kuna iliyokubaliwa kwa mkataba, yenye kikomo na riba inayojulikana, na kuna kushuka chini ya sifuri bila makubaliano, ambako benki hujipangia adhabu kwa jedwali lake. Ya pili ikwepe kabisa. Ya kwanza inaweza kuwa na maana kwa mwenye biashara inayopokea pesa kwa mawimbi, ila piga hesabu yake yote.

Chukua mfano wa kikomo cha shilingi 5,000,000 kwa riba ya asilimia 20 kwa mwaka. Ukitumia 500,000 kwa siku kumi, riba yake ni 500,000 mara 0.20 mara 10, ukigawa kwa 365: kama 2,740 hivi. Ni kidogo, na afisa mikopo atakuonyesha namba hiyo kwa tabasamu. Muulize ada ya kufungulia kikomo. Ikiwa ni asilimia 1 ya kikomo chote, umelipa 50,000 hata kama hukugusa shilingi, na kwa kawaida mkataba ukifanyiwa upya baada ya mwaka ada hurudi. Kwa hiyo omba kikomo kinacholingana na pengo lako halisi la kwenye kalenda, si kile kikubwa unachoweza kupewa. Ovadrafti ni ya kuziba siku, kwa hiyo usinunulie friji la dukani wala pikipiki. Kitu cha kudumu kinunue kwa mkopo wenye marejesho.

Walioko Marekani wana utaratibu mwingine: huko, tangu 2010, benki hairuhusiwi kutoza ada ya kuzidisha salio kwa manunuzi ya kadi ya mara moja wala kwa ATM mpaka mteja awe ameridhia kwanza. Nawataja kwa sababu ndugu hutumiana ushauri kwenye simu, na ushauri wa “kataa ile huduma ya kadi” unatoka huko. Hapa kwetu kadi isiyo na salio kwa kawaida hukataliwa tu.

Simu nayo ina ovadrafti yake. Huduma kama Songesha ya M-Pesa humwezesha mteja kukamilisha muamala ambao salio halitoshi, na deni hulipwa na pesa inayofuata kuingia. Mwenye kupokea malipo ya wateja kwenye laini hiyohiyo ajue kwamba pesa ya mteja itaingia ikiwa imeshapungua. Tumia laini moja kwa biashara na nyingine kwa mambo yako.

Hatua ya 6: Kadi na arifa

Washa arifa za ujumbe mfupi hata kama zina ada ndogo. Toa pesa mara moja kwa wiki badala ya mara tano, kwenye ATM ya benki yako. Ukilipia kitu mtandaoni kwa dola, acha nafasi, kwa kuwa kiasi kinachozuiliwa siku ya kununua na kinachokatwa siku chache baadaye huweza kutofautiana kwa sababu ya bei ya dola.

Hatua ya 7: Funga akaunti uliyoiacha

Akaunti isiyotumika haikai kimya. Ada ya mwezi huweza kuendelea kudaiwa, na siku mtu akikutumia pesa humo, madai hayo hujilipa kwanza. Usiiache ife yenyewe. Nenda tawini na barua ya kuifunga, rudisha kadi na karatasi za hundi zilizobaki, na uhakikishe hakuna agizo la kudumu lililosahaulika.

Hatua ya 8: Dai kwa maandishi

Kato usilolielewa lilalamikie tawini kwanza, kwa barua yenye tarehe ya kato, kiasi, na kifungu cha jedwali la ada unachoona kimekiukwa. Usiandike “mmenikata sana”. Andika “tarehe fulani nimekatwa 35,000, ilhali jedwali linasema 25,000”. Usiporidhika na jibu, Benki Kuu ina dawati la malalamiko ya wateja wa benki, nao wataanza kwa kukuuliza kama ulikwisha kuilalamikia benki yako na ilikujibu nini. Kwa hiyo peleka barua nakala mbili. Moja wabaki nayo, ya pili igongwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe mbele yako, kisha iweke ndani ya daftari, kwenye ukurasa wa mwezi huohuo wa kato.