Jinsi ya Kupima Vihatarishi na Kinga za Kijana Dhidi ya Vilevi

Mzazi au mlezi anayehofia kwamba kijana wake huenda akaingia katika pombe, bangi au dawa nyingine za kulevya asianze kwa kupekua mkoba wake. Aanze kwa kuyatazama maisha yake ya nyumbani, shuleni na miongoni mwa marafiki, kwa sababu kihatarishi kimoja, yaani jambo linaloongeza uwezekano wa kijana kutumia vilevi, peke yake hakielezi mengi, ilhali vinne au vitano vikikutana kwa mtoto mmoja hatari huongezeka sana.

Andika kwanza yasiyobadilika, hasa historia ya uraibu katika ukoo. Tafiti za mapacha huonyesha kwamba urithi huchangia takriban nusu ya uwezekano wa kuwa mraibu wa pombe, jambo ambalo ni onyo wala si hukumu. Kisha andika yanayobadilika: ugomvi wa nyumbani, kushindwa masomo, marafiki wanaotumia, na urahisi wa kuvipata vilevi, ikiwemo chupa iliyomo kabatini mwako. Umri wa kuanza upe uzito wa pekee, kwani anayeanza kunywa kabla ya miaka 15 hukabiliwa na hatari ya uraibu iliyo kubwa mara kadhaa kuliko anayengoja hadi 21.

Upande wa kinga, yaani mambo yanayopunguza uwezekano huo, ndio unaostahili muda wako mwingi. Wengi hudhani kwamba kumsimamia kijana ni kumpeleleza, lakini wanasaikolojia Håkan Stattin na Margaret Kerr, waliochapisha mwaka 2000 utafiti wao uliofanyika Sweden, walionyesha kwamba wazazi wanaojua mengi huyajua hasa kwa sababu mtoto huwasimulia kwa hiari. Kwa hiyo muulize alikokuwa na aliokuwa nao, usikilize hadi mwisho, na akikiri kosa usimfokee papo hapo, la sivyo hiyo itakuwa mara yake ya mwisho kukusimulia. Sheria ya nyumbani iwe wazi, na adhabu yake ijulikane kabla ya kosa.

Pale kinga zinapojengwa na jamii nzima, matokeo huonekana: nchini Iceland, vijana wa miaka 15 na 16 waliokunywa pombe hadi kulewa katika mwezi uliotangulia walikuwa asilimia 42 mwaka 1998, wakashuka hadi asilimia 5 mwaka 2016, baada ya wazazi kukubaliana masharti ya pamoja na michezo kugharimiwa.

Rudia orodha yako kijana anapohamia shule mpya au familia inapopata msiba, na ukigundua kwamba ameshaanza kutumia, mpeleke kwa mshauri nasaha au daktari mapema.