Kuyashika maji ya mvua ndani ya lupango kabla hayajaingia njiani

Sehemu kubwa ya Rotterdam, Uholanzi, iko chini ya usawa wa bahari. Lubumbashi iko juu yake kwa zaidi ya mita 1,200. Lakini mvua ya Januari ikiangukia Katuba au Kampemba, komini zetu za Lubumbashi, taabu ni ileile: ardhi ni tambarare na maji hayajui pa kwenda. Waholanzi, baada ya gharika ya 1953 iliyoua watu 1,836 nchini mwao, walijenga kuta na milango mikubwa ya kuizuia bahari. Mlango wa bahari, hata hivyo, hauzuii mvua inayonyesha katikati ya mji. Kwa hiyo leo miji yao inafuata utaratibu wa hatua tatu: maji yashikwe pale yalipoanguka, yanayozidi yatunzwe, na yaliyobaki yaachiwe polepole. Uwanja wa Benthemplein mjini Rotterdam, uliofunguliwa 2013, una mabeseni matatu yanayobeba lita milioni 1.7 hivi. Siku za jua, vijana wanacheza mpira ndani ya moja.

Huku kwetu tunaanzia hatua ya tatu. Kila mtu anachimba kamfereji ka kutupa maji avenyu, na avenyu nzima inahamia chumbani kwa jirani wa chini. Anza na lupango wako, yaani kiwanja cha nyumba yako.

Hesabu ni rahisi. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Nyumba ya malata ya mita 8 kwa 10, mvua ya milimita 40, ni lita 3,200. Pipa la lita 200 linashika sehemu moja tu kati ya 16. Weka basi mapipa manne, yaani lita 800, na lita 2,400 zilizobaki zichimbiwe bonde la nyasi.

Pipa lililowahi kubeba asidi au dawa za kiwandani usilinunue, hata likiwa la bei ya chini na limeoshwa vizuri. Funika kila pipa kwa chandarua. Moja kati ya manne liache na bomba linalodondoka usiku kucha, kwa sababu pipa lililojaa halina faida yoyote mvua ya pili ikija.

Bonde la nyasi ndiyo kazi yenyewe. Ni mtaro mpana usio na kina: urefu mita 8, upana wa juu mita 1.5, upana wa chini sentimita 50, kina sentimita 30 (upana wa juu na kina vipimwe kwenye usawa wa mdomo wa kutokea maji). Kingo ziwe za kulala, si za kusimama. Kingo za kusimama zinabomoka mvua ya kwanza na udongo wake unaziba chini. Liwe mita 3 au zaidi kutoka ukutani, hasa kama matofali ni mabichi, mita 15 kutoka kisimani, na mbali na choo cha shimo. Maji yakipenya hadi chooni, choo kinajaa na uchafu unapanda juu.

Kabla ya kuchimba, pima kama ardhi inakunywa. Chimba kashimo ka sentimita 30 kila upande na kina cha 40, ujaze maji, uache yaishe. Jaza tena, chomeka kijiti chenye alama, urudi baada ya saa moja. Maji yakishuka sentimita 1.5 au zaidi, endelea. Yakishuka chini ya hapo, punguza kina cha bonde na uongeze upana. Kipimo hiki kifanywe mvua zikiwa zimeshaanza: ardhi ya Oktoba ina kiu na itakudanganya, wakati ya Februari imeshashiba. Chungulia pia kisima cha karibu. Kama maji yake yamepanda hadi kubakiza pungufu ya mita 1 kufika pale sakafu ya bonde itakapokaa, usichimbe. Tegemea mapipa na njia ya kutokea.

Sakafu ya bonde isawazishwe kwa mpira wa maji wa mafundi, si kwa jicho. Maji yanapoingilia, panga mawe ya ukubwa wa ngumi kwa nusu mita, na mbele yake kashimo ka sentimita 40 kila upande ka kunasa matope na mifuko. Kakizolewa kila wiki bonde litaishi miaka. Kakisahauliwa, msimu mmoja unatosha kulifanya sakafu ngumu. Upande wa chini acha mdomo uliotandikwa mawe, sentimita 5 chini ya ukingo, unaoelekea kanivo, yaani mfereji wa kando ya njia. Bila mdomo huo maji yatajichagulia njia, na mara nyingi yanachagua mlango.

Panda nyasi zinazotambaa mwanzo wa mvua. Usiruhusu watu wala pikipiki kupita ndani wakati udongo umelowa, maana ukishakanyagwa haunywi tena. Maji yakibaki zaidi ya siku mbili, chimbua sentimita 10 za chini na uchanganye mchanga. Mbu anahitaji wiki moja hivi tu kutoka yai hadi kuruka.

Tena, punguza simenti uani. Mwaka 2020 Rotterdam na Amsterdam zilishindana ni mji upi utang'oa vigae vingi zaidi na kupanda kijani mahali pake, na sasa shindano limeenea nchi nzima. Kwa magari, mistari miwili ya kukanyagia matairi inatosha.

Imebaki kanivo. Bomba la sentimita 20 chini ya kiingilio cha lupango halibebi nusu ya maji ya bomba la sentimita 40. Linabeba kama sehemu moja ya sita. Kiingilio kimoja chembamba kinafurisha avenyu yote, na mwenye nacho anaweza kukaa pakavu asijue. Mkubaliane kipenyo kimoja, au daraja la vipande vya zege vya nusu mita vyenye vishikio vya chuma, vinavyoinuliwa na watu wawili. Siku ya salongo, yaani kazi ya usafi ya pamoja, anzeni kuzoa upande wa chini mkipanda juu. Mkianzia juu mnalisukuma tope lote kwenye kizibo. Na tope lililotolewa liondoke siku hiyohiyo kwa toroli, kwa sababu likilala kando ya kanivo, mvua ya usiku italirudisha ndani.