Kupiga skeli kwa kasi na kwa usawa: mwongozo kwa wapiga piano na kibodi

Skeli ni noti zinazofuatana moja baada ya nyingine kama ngazi, kupanda au kushuka. Mpito wa haraka wa noti kama hizo kati ya beti mbili za wimbo ukiharibika, mara nyingi si kwa sababu vidole ni vizito. Noti tatu zinatoka zimerundikana, ya nne inachelewa, na ya tano inapiga kelele kuliko zote. Ukisikiliza kwa makini utakuta kosa linajirudia mahali palepale: pale kidole gumba kinapopita chini ya vingine. Pakisawazishwa hapo, kasi inapanda bila kulazimishwa.

Vidole huhesabiwa hivi kwa mikono yote miwili: gumba ni 1, cha shahada 2, cha kati 3, cha pete 4, kidogo 5.

Hatua ya 1: Kagua chombo kwanza

Kwa Dodoma hili si la kupuuza. Kiangazi upepo unapovuma, vumbi huingia mpaka chini ya vibao vya kibodi. Kwenye kibodi nyingi kila kibao kina migusano miwili ya mpira, na chombo hupima muda kati ya mguso wa kwanza na wa pili ndipo kijue umepiga kwa nguvu kiasi gani. Mgusano mmoja ukichafuka, noti hiyo haitoki kabisa, au inatoka kwa sauti ya juu hata ukiigusa taratibu. Piga kila kibao kwa kidole kimoja, nguvu ileile. Noti inayoruka hapo ni ya fundi wa kusafisha mipira, usiitafutie mazoezi. Baada ya kupiga, funika kibodi kwa kitambaa kizito.

Washa mpangilio unaofanya sauti ifuate nguvu ya kidole. Zima mwangwi, acha pedali, kwa sababu vyote viwili huficha makosa. Kaa kwenye kiti ambacho kiwiko kinakuwa usawa wa vibao au juu kidogo. Stendi za kanisani mara nyingi zimepangwa kwa mtu aliyesimama, na anayekaa hapo hupiga akiwa amekunja vifundo vya mikono.

Hatua ya 2: Chagua vidole, usivibadilishe tena

C meja (vibao vyeupe tu, kutoka C hadi C), mkono wa kulia kupanda: 1 2 3, 1 2 3 4, kisha 1 tena kwa oktava inayofuata (yaani ngazi inayoanzia C ya juu), au 5 ukiishia hapo. Mkono wa kushoto kupanda: 5 4 3 2 1, 3 2 1. Kushuka ni vilevile kinyumenyume.

Njia rahisi ya kukumbuka skeli nyingine ni kujua kidole cha 4 kinakaa wapi, maana hutumika mara moja tu katika kila oktava. Kwa mkono wa kulia, skeli za meja zenye flati, yaani noti zilizoshushwa nusu hatua (F, B flati, E flati, A flati, D flati, G flati) zote huweka kidole cha 4 kwenye B flati.

Skeli ya kwanza kuizoea isiwe C. Chopin, mtunzi na mpiga piano, aliwaanzisha wanafunzi wake na B meja, na alikuwa na sababu: vidole virefu hukaa juu ya vibao vyeusi, kidole gumba kinapata nafasi ya kupita chini. C inasomeka kirahisi lakini kuisawazisha ni kazi. Batani ya kuhamisha ufunguo (transpose), inayopandisha au kushusha sauti ya kibodi nzima, imewafanya wapigaji wengi wa kwaya wasiijue B kabisa, na hata hiyo C yao inabaki na makovu.

Hatua ya 3: Kidole gumba

Mfano huu uko kwenye C kwa kuwa inasomeka kirahisi. Tumia mkono wa kulia. Piga C kwa 1. Mara tu 2 inapogusa D, kidole gumba kianze kusogea chini ya kiganja. Kufikia E, kiwe tayari juu ya F. Wengi hukiacha nyuma mpaka dakika ya mwisho, kisha hukirusha pamoja na kiwiko, na F inalia kwa kishindo. Kiwiko kisiruke nje. Mkono wote uteleze kulia polepole, bila kusimama.

Rudia E–F–E–F kwa 3-1-3-1 mara kumi, kisha B–C–B–C kwa 4-1. Hii ya pili ndiyo ngumu zaidi, ipe muda mara mbili.

Aliyezoea ilimba ya Wagogo, ala ya vibao vya chuma inayotegemea vidole gumba, tayari ana gumba lenye nguvu. Kwenye skeli nguvu hiyo ipunguzwe: kipige kwa ubavu wa ncha, si kwa kiungo kizima.

Halafu piga kwa mafungu: C peke yake, D na E kwa pamoja, F peke yake, G, A na B kwa pamoja. Mkono unajifunza kuhama kutoka fungu hadi fungu, na kwenye kasi kubwa ndivyo unavyofanya kazi: unahama mzima, kidole gumba hakipati muda wa kupita chini hadi mwisho.

Hatua ya 4: Metronomu

Hiki ni kipima mapigo; cha kwenye simu kinatosha. Weka mapigo 60 kwa dakika, noti nne kwa kila pigo, oktava mbili kupanda na kushuka. Ni noti 29, na ya mwisho huangukia pigo la nane. Noti ya juu kabisa haiko kwenye pigo. Ni ya tatu ndani ya pigo la nne. Wengi hukimbilia hapo.

Ukipiga safi mara tatu mfululizo, ongeza 4. Ukikosea mara mbili, shuka 8. Jirekodi kwa simu, maana sikio la anayepiga husamehe mno. Ukifika 120 unapiga noti nane kwa sekunde.

Ukikwama kwenye namba moja, badilisha mdundo: ndefu-fupi, kisha fupi-ndefu. Au tia mkazo kila noti ya tatu, ili mkazo uzunguke na kidole cha 4 kipate zamu yake. Usikinyanyue juu kidole hicho kukiimarisha. Kano zake, yaani nyuzi zinazokivuta, zimeungana na za jirani zake, na kukilazimisha huleta maumivu ya mkono. Ukihisi mkono unakaza, simama.

Hatua ya 5: Mikono miwili

Anza katikati, vidole gumba vyote kwenye C moja, mkono wa kulia upande juu, wa kushoto ushuke. Vidole vinalingana noti kwa noti. Kupanda pamoja ni kugumu zaidi: gumba la kulia liko C na F, la kushoto G na C. Shikilia alama hii: vidole vya 3 vya mikono yote hukutana kwenye E na A. Shuka hadi 50 kwanza.

Kwenye ibada, piga mpito kwa kasi iliyo chini ya ile unayoimudu nyumbani. Anayemudu 112 apange 92.