"Ile hela tuma kwenye namba hii": namna ya kumkwamisha tapeli wa simu

Karibu kila mwenye laini Tanzania ameshaupata ujumbe huu: "Ile hela tuma kwenye namba hii, jina litakuja…" kisha linafuata jina la mtu usiyemjua. Haukutaji wewe, wala hausemi hela ipi. Hutumwa kwa namba nyingi kwa mpigo, na kati ya watakaoupokea hawakosi wachache ambao asubuhi hiyohiyo wameahidi kumtumia mtu kodi, ada au mchango wa harusi. Akisoma "ile hela", kichwa chake kinamalizia mwenyewe. Na lile jina la ajabu limeshaelezwa mapema, kwa hiyo likitokea kwenye kioo hashtuki.

Hapo ndipo ufundi wote ulipo. Tapeli wa simu ni nadra kuvunja mfumo wa kampuni yoyote. Anachohitaji ni kidole chako kibonyeze, au mdomo wako utaje. Kwa hiyo kazi yako ni kumnyima vyote viwili, na mapema.

Akipiga

Mitandao ya Tanzania humpigia mteja kwa namba 100. Anayejitambulisha kuwa ni wa huduma kwa wateja huku kioo kinaonyesha namba ya kawaida ya 06 au 07, kata. Usimuage. Ukiwa na wasiwasi kwamba huenda kweli kuna tatizo kwenye laini yako, piga 100 wewe mwenyewe. Usipige namba atakayokutajia yeye.

Watu wengi hulegea kwa sababu aliyepiga anawajua kwa majina yao matatu. Hilo si ushahidi wa chochote. Yeyote anayeanza kutuma hela kwenye namba yako huonyeshwa jina la usajili kabla hajaweka namba ya siri, analisoma, anaghairi, kisha anakupigia: "Habari za asubuhi, naongea na…?"

Akishakupata kwenye mazungumzo, maswali yake huonekana ya kipuuzi: salio lako ni kama shilingi ngapi, muamala wa mwisho ulimtumia nani, namba zipi unazipigia mara kwa mara. Usijibu hata moja. Hayo ndiyo maswali ambayo mhudumu halisi humuuliza mteja kuhakikisha ni mwenye laini, na tapeli anakusanya majibu yako akayatumie kujifanya wewe. Namba ya siri, namba ya NIDA na tarakimu za uthibitisho zinazoingia kwa ujumbe hazitajwi kwa yeyote, hata kwa anayekuambia "usinitajie, jumlisha tu na mwaka wako wa kuzaliwa unipe jibu". Ukimpa jibu anatoa mwaka, na namba yako ya siri anayo.

Na kumtegea au kumtukana? Inaburudisha, lakini kila dakika unayokaa naye anajifunza sauti yako, jina la mwanao, benki unayotumia. Kausha.

Akikuambia ubonyeze kitu

Kuna mchezo wa "bonyeza nyota nyota ishirini na moja nyota, kisha namba hii, kisha reli, tukuunganishie ofa". Kinachofanyika ni kuelekeza simu zote zinazoingia kwako ziende kwake. Lengo mara nyingi ni WhatsApp, kwa kuwa tarakimu sita za kuthibitisha akaunti zinaweza kuombwa zisomwe kwa simu ya sauti badala ya ujumbe. Simu hiyo ikipigwa, inaita kwake.

Kuangalia kama umeelekezwa, bonyeza *#21# na upige. Kufuta uelekezaji wote, bonyeza ##002# na upige. Hii inafanya kazi hata kwenye kitochi. Ukishafuta, huenda simu zako za kawaida za "namba ikiwa haipatikani" nazo zikaacha kwenda kwenye ujumbe wa sauti. Si tatizo kubwa.

Kisha weka ulinzi wa hatua mbili kwenye WhatsApp: ingia mipangilio, akaunti, uthibitishaji wa hatua mbili, weka PIN ya tarakimu sita. Ikiwa tapeli ameshaingia, sajili upya namba yako kwenye simu yako muda huohuo. Tarakimu mpya zikiingia na ukaziweka, yeye anatolewa. Kama alikuwa ameshaweka PIN yake, utalazimika kusubiri siku 7 ndipo uingie bila PIN hiyo, lakini naye hataweza kuendelea kuandika kwa jina lako. Siku hizo waarifu ndugu kwa simu ya kawaida, maana wengine atakuwa ameshawaomba "nisaidie laki moja mpaka jioni".

"Samahani, nimekosea kutuma"

Huu una sura mbili. Ya kwanza ni ujumbe wa uongo wa kupokea hela. Angalia juu ya ujumbe: wa kweli hutoka kwa jina la huduma, na huingia kwenye mfululizo uleule wenye miamala yako ya zamani. Wa tapeli hutoka kwenye namba ya mtu, hata kama maneno yamenakiliwa mpaka kumbukumbu ya muamala. Usiishie kwenye ujumbe; angalia salio kwenye menyu yenyewe, kwa M-Pesa ni *150*00#, kwa Airtel Money *150*60#.

Sura ya pili ni mbaya zaidi, nayo huwanasa watu waaminifu. Hela imeingia kweli. Unamrudishia kwa mkono wako, kisha yeye anapiga kwa mtandao wake na kudai alikosea, muamala wa kwanza unarudishwa, na wewe umetoa mara mbili. Jibu ni moja: "Piga 100, wairudishe wao, mimi siigusi." Na kweli usiiguse. Aliyekosea kwa dhati hatalalamika sana.

Mawakala wana hatari yao. Tapeli hujifanya afisa wa kampuni anayekagua floti, yaani salio la biashara la wakala, na kumwelekeza wakala hatua kwa hatua "kujaribu mfumo". Hakuna jaribio linalohitaji namba ya siri ya wakala. Msaidizi wa kibandani aambiwe hivyo siku ya kwanza ya kazi, si baada ya floti kuondoka.

Kuzuia na kuripoti

Kuzuia namba kunasaidia kidogo tu, kwa kuwa ana laini nyingine mfukoni. Zuia, lakini usiishie hapo. Programu za kutambua mpigaji zina kasoro yake: majina yake hutoka kwa watumiaji, na tapeli anaweza kujiandikisha "Huduma kwa Wateja" kama mtu mwingine yeyote. Kunyamazisha namba zote zisizojulikana nako kuna gharama, hasa ukiwa na mtoto shuleni au mgonjwa hospitali.

Kinachomuumiza ni kufungiwa laini. Peleka ujumbe wake kama ulivyo kwenda 15040, namba ya TCRA, mamlaka inayosimamia mawasiliano Tanzania. Utajibiwa utume namba iliyokutumia. Itume, bila hivyo taarifa haina mlengwa. Hapa watu wengi huishia njiani, wanatuma ujumbe na kudhani wamemaliza.

Pia bonyeza *106# uone ni namba zipi zimesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ukikuta usiyoijua, nenda dukani kwa mtandao husika na NIDA yako ukaifute. Laini iliyosajiliwa kwa alama ya kidole chako ikitumika kutapeli, mlango wa kwanza kugongwa ni wako. Ndiyo maana usiweke kidole mara ya pili kwa msajili wa barabarani anayesema "ya kwanza haijasoma" bila kuona kioo kinasema nini.

Kwa aliye Kenya, Safaricom humpigia mteja kwa 0722 000 000, ujumbe wa kitapeli hupelekwa 333, na *100*100# hufunga laini isibadilishwe na mtu mwingine dukani.

Ukishatuma

Usimpigie tapeli kumsihi. Muda huo anatembea kwenda kwa wakala, na hela ikishatolewa taslimu hakuna cha kurudisha. Piga kwanza 100 ya mtandao uliotumia, taja kumbukumbu ya muamala, kiasi na namba iliyopokea, uombe muamala uzuiwe. Kenya, ujumbe wa M-Pesa wa muamala huo hupelekwa 456. Hela iliyovuka kwenda mtandao mwingine hufuatiliwa kwa shida zaidi, na tapeli analijua hilo. Ukiambiwa "tuma kwa mtandao ule, huu unasumbua", ujue sababu.

Kama ulitaja namba ya siri, ibadilishe kabla hata ya kupiga. Usifute ujumbe wowote. Nenda polisi na simu yenyewe, uombe RB, yaani namba ya taarifa yako polisi, kwa sababu kampuni haitatoa taarifa za mwenye laini kwako, ila kwa polisi.

Kwa simu ya mama au babu kijijini, hifadhi 100 kwa jina la mtandao, ili ikiita lionekane jina na ikiita nyingine lisionekane. Kisha mkubaliane swali moja la kuuliza yeyote atakayesema "mjukuu wako amelazwa, tuma hela ya dawa": jina la ng'ombe, la mbwa, la jirani wa zamani. Msiliandike kwenye WhatsApp.