Takwimu za ripoti ya mazingira ya kampuni: hatua tulizofuata, na mahali bili za umeme zilipotukwamisha

Wiki iliyopita nilikaa siku mbili na dada mmoja wa uhasibu aliyekabidhiwa ripoti ya mazingira kwa sentensi moja: "Wewe si unajua Excel, tutengenezee hii." Alikuwa na bahasha tatu za bili, faili moja lenye rangi saba, na mwezi mmoja tu kabla ya mkaguzi kufika. Nimeandika hapa tulivyokwenda naye. Ni kwa anayekusanya takwimu za gesijoto, yaani gesi zinazoipasha joto dunia, mara ya kwanza au ya pili. Anayetaka maneno mazuri ya kuweka kwenye jalada la ripoti atafute kwingine.

Hesabu yenyewe ni kuzidisha tu: lita mara kizidishi, uniti mara kizidishi. Kizidishi ni kiasi cha gesi kinachotoka kwa kila lita au uniti. Kazi iko kwenye kile unachokizidisha.

Hatua ya 1: Weka mipaka

GHG Protocol, kanuni inayotumika sana kwa kazi hii, inakupa njia tatu za kuamua kipi ni chako: kwa hisa, kwa udhibiti wa fedha, au kwa udhibiti wa uendeshaji. Mimi huchagua ya tatu, kwa sababu mwenye kuendesha eneo ndiye mwenye bili. Andika uamuzi na sababu kwenye ukurasa mmoja, bosi atie saini.

Hatua ya 2: Orodhesha vyanzo kwa miguu

Usiorodheshe ukiwa umekaa mezani. Zunguka. GHG Protocol inagawa vyanzo katika sehemu tatu, kila moja huitwa wigo. Wigo wa 1 ni unachochoma na kinachovuja kwako: dizeli ya jenereta, petroli ya magari, gesi ya jikoni. Wigo wa 2 ni umeme ulionunua. Wigo wa 3 ni yaliyobaki kwenye mnyororo mzima, kutoka kwa wauzaji wako hadi kwa wateja, makundi 15, na mwaka wa kwanza hutayamaliza yote.

Kinachosahaulika kila mara ni viyoyozi. Tulipopanda juu ya paa tulikuta kibandiko kimeandikwa R-410A, jina la gesi ya kupozea iliyomo ndani. Kilo moja ya gesi hiyo ikivuja, inapasha joto dunia kama takriban kilo 2,000 za kaboni dioksidi. Muulize fundi amejaza kilo ngapi mwaka huu. Akikujibu "kidogo tu", omba stakabadhi.

Hatua ya 3: Faili moja, shiti tatu

Shiti ya kwanza ni data ghafi, ya pili vizidishi, ya tatu hesabu. Basi. Nimeona kampuni ikinunua programu ya bei kubwa, na mwisho wa mwaka watu wanaijaza kutoka kwenye Excel ileile ya zamani. Kwa kampuni yenye maeneo chini ya ishirini, lahajedwali linatosha kabisa.

Masharti yangu ni machache lakini sibishani juu yake. Bili moja, mstari mmoja. Usiunganishe visanduku. Rangi isibebe maana: ukitaka kusema "makadirio", weka safu ya makadirio na uandike ndiyo au hapana, kwa sababu rangi haichujiki vizuri na aliyekuja baada yako hajui njano ilimaanisha nini. Kila mstari uwe na jina la faili la bili yenyewe, nalo lianze na mwaka, mwezi na siku, ili folda ijipange yenyewe.

Hatua ya 4: Bili za umeme

Hapa ndipo nilipopotezea mwaka wangu wa pili, kwa hiyo vumilia urefu.

Bili ina namba nyingi na moja tu ndiyo unayoitaka. Si kiasi cha fedha. Fedha imebeba kodi, madeni ya nyuma na faini, na bei ikipanda utadhani matumizi yamepanda. Unataka uniti, yaani kWh, pamoja na tarehe mbili za usomaji wa mita. Tarehe ya kutolewa bili haina kazi kwako.

Tuchukue bili moja tuliyokuwa nayo mezani. Usomaji wa awali 18,204, usomaji wa sasa 18,611. Tofauti ni 407. Ukiandika 407 umekosea, na ndivyo nilivyoandika mimi kwa miezi saba. Mita ya kiwanda haipitishi umeme wote ndani yake. Inapima sehemu tu kupitia transfoma ndogo, na pembeni ya bili kuna namba ya kuzidishia. Hapa ilikuwa 40. Matumizi halisi ni 16,280. Kilichoniumbua ni mkaguzi aliyeinua kichwa na kuniuliza taratibu, "Kaka, kiwanda chenu kinatumia umeme sawa na nyumba yangu?" Sikuwa na jibu.

Sasa tarehe. Bili hiyohiyo ilianzia 20 Desemba ikaishia 19 Januari. Ni ya mwaka gani? Ya yote miwili, kwa hiyo igawe kwa siku. Siku ya usomaji wa kwanza ihesabu, ya usomaji wa mwisho iache, kwa kuwa bili inayofuata itaihesabu. Desemba inapata siku 12, Januari 18, jumla 30. Kwa hiyo uniti 6,512 zinabaki mwaka uliopita na 9,768 zinakuja mwaka huu. Ukihesabu ncha zote mbili kwa kila bili, mita yenye bili za kila mwezi itakupa mwaka wenye siku kumi na kitu za ziada, na hakuna atakayeona mpaka mtu ajumlishe.

Basi jumlisha wewe kwanza. Kwa kila mita, siku zote za mwaka ziwe 365, au 366 mwaka mrefu. Zikiwa 335, kuna bili imepotea. Zikiwa 396, kuna bili imeingia mara mbili, mara nyingi kwa sababu ilitolewa upya baada ya marekebisho na zote mbili zikahifadhiwa. Hesabu hii ndogo imeniokoa kuliko programu yoyote. Kwa huyu dada ilifichua bili mbili zilizokosekana ndani ya dakika kumi, moja ikiwa chini ya bahasha ya maji.

Kugawa kwa siku kuna udhaifu wake. Kiwanda kikifungwa wiki ya mwisho wa mwaka, siku za Desemba hazikutumia umeme sawa na za Januari. Dawa yake ni kumtuma mtu apige picha ya mita 31 Desemba jioni. Usomaji wako mwenyewe, wenye picha na tarehe, una nguvu kuliko mgawanyo wowote.

Mengine ya kuangalia:

- Usomaji wa makadirio. Bili huwa na alama fulani kuonyesha kuwa hakuna aliyekuja kusoma mita. Bili inayofuata itasahihisha, na inaweza kuleta uniti hasi. Usiufute mstari hasi! Ndio unaorudisha ukweli.
- Mita iliyobadilishwa katikati ya mwaka. Usomaji unashuka kutoka makumi ya maelfu hadi sifuri. Fanya mistari miwili, mmoja kwa kila mita, na uweke karatasi ya fundi.
- Mita ya kulipia kabla. Uniti ulizonunua si uniti ulizotumia. Soma salio mwanzo wa mwaka na mwisho wake.
- Ofisi ya kupanga ambayo umeme uko ndani ya kodi ya pango. Omba usomaji wa mita ndogo. Kama haipo, kadiria kwa mita za mraba na uandike wazi kuwa ni makadirio na umeyapataje.

Hatua ya 5: Mafuta

Lita, si fedha. Kadi za mafuta zina kila kitu. Kama muuzaji anatumia galoni, uliza galoni ipi: ya Marekani ni lita 3.785, ya Uingereza ni 4.546.

Hatua ya 6: Vizidishi

Usiandike kizidishi ndani ya fomula. Kiweke kwenye shiti yake, chenye chanzo, mwaka na kipimo, kisha fomula ikifuate. Dizeli ikichomwa hutoa takriban kilo 2.7 za kaboni dioksidi kwa lita. Ukipata 27 au 0.27, kipimo kimepotea mahali.

Methani itakuchanganya. Ripoti ya nne ya IPCC, jopo la Umoja wa Mataifa la wanasayansi wa tabianchi, iliipa nguvu ya kupasha joto mara 25 ya kaboni dioksidi, ya tano 28, ya sita 27.9. Chagua toleo moja kwa gesi zote. IFRS S2, kiwango cha kimataifa cha kuripoti mambo ya tabianchi kilichotolewa Juni 2023, kinataka la karibuni. Na hakikisha kizidishi hakijawa tayari kimegeuzwa kuwa kaboni dioksidi linganifu (gesi zote zikihesabiwa kama kaboni dioksidi), usije ukazidisha mara mbili.

Umeme una hesabu mbili: moja kwa wastani wa gridi ya mahali ulipo, nyingine kwa mikataba uliyonunulia umeme. Mwongozo wa GHG Protocol wa 2015 unataka zote mbili pale mikataba ya namna hiyo ipo. Usichague ile ndogo ukaificha nyingine.

Hatua ya 7: Punguza, kisha funga

Kabla ya kuhifadhi, toa usichohitaji. Orodha ya safari za wafanyakazi ilikuja na namba za pasipoti na simu. Hesabu inataka kilomita na aina ya usafiri tu, kwa hiyo tulizifuta safu hizo. Bili moja ilikuwa kwenye barua pepe za watu sita. Ikabaki nakala moja kwenye folda, na nyingine ya akiba mahali tofauti.

Mkaguzi akishapitisha, fanya faili kuwa la kusoma tu. Kosa likigunduliwa baadaye, fungua toleo jipya, andika nini kimebadilika na nani kabadilisha, la zamani lisiguswe. Kisha fungua folda ya mwaka unaofuata, na faili la kwanza kuingia humo liwe ile picha ya mita ya 31 Desemba.