Kabla hujaondoka Unguja kwenda Uingereza: habari ya dakta wa mtaa

Kila ikikaribia Septemba naulizwa na vijana wanaokwenda kusoma Uingereza, na akina mama wanaokwenda kulea wazazi waliojifungua, wabebe nini. Wote wanaanza na makoti. Makoti utayakuta huko huko, nyie nisikilizeni habari ya dakta kwanza.

Kule huamki tu asubuhi ukenda hospitali kubwa kama unavyokwenda Mnazi Mmoja ukakaa foleni. Kila mtu ana dakta wake wa mtaa, wenyewe wanamwita GP, ndie anaekuandikia dawa na ndie anaekupeleka kwa bingwa. Kwa hiyo wiki ile ile ya kwanza, hata sanduku hujalimaliza kulipanga, tafuta GP wa karibu na unapokaa ujiandikishe. Usingoje uumwe. Kujiandikisha ni bure, na mwanafunzi mwenye viza ya zaidi ya miezi 6 keshalipia matibabu pamoja na viza, pauni 776 kwa mwaka tokea Februari 2024, sasa unaona haya ya nini?

Dawa zako beba kwenye maboksi yake, na barua ya dakta wako wa hapa ilioandikwa jina la dawa yenyewe na kiasi, sio jina la kampuni tu. Kama una watoto usisahau kadi zao za chanjo. Piga picha kila karatasi.

Sasa hili ndilo lililonipata mie. Nina pumu tokea utotoni. Hapa kwetu pampu ya pumu unaingia duka la dawa Darajani unatoa pesa unaondoka, hakuna anaekuuliza cheti. Nikabeba mbili, nikajua zitanifikisha. Novemba ikaingia na baridi yake, chumba nilichopanga kina ukungu mweusi nyuma ya kabati, na pampu ya pili nikiitikisa nasikia haina kitu. Nikenda duka la dawa, wakanambia bila ya cheti cha dakta hatukuuzii. Nikenda kwa GP, bibi wa mapokezi akataka pasipoti na bili ya umeme yenye jina langu. Bili ina jina la mwenye nyumba, mie nimepanga chumba tu! Nikarudi nyumbani. Wiki ya pili nikapeleka barua ya chuo, akasema hapana, lete karatasi ya benki, na benki wakati huo hata akaunti walikuwa hawajanifungulia. Nikasema ahsante nikaondoka, kwa sababu ndivyo tulivyozoea, mtu wa ofisini akishasema hapana basi unainamisha kichwa unakwenda zako.

Usiku wa Jumamosi, saa nane, nikawa siwezi hata kulala ubavu. Nimekaa kitandani nimeshika ukingo wa dirisha, kila pumzi naivuta kama naipandisha kwenye kisima, neno moja silimalizi. Mwenzangu wa chumba cha pili, mtoto wa Makunduchi, ndie aliepiga 999, simu yao ya dharura. Nikalazwa siku mbili.

Nesi mmoja pale akaniuliza kwa nini huna dakta, nikamueleza habari ya bili. Akaja kukaa ukingoni mwa kitanda akanifahamisha taratibu kwamba hakuna sheria inayomlazimisha mtu kuonesha kitambulisho, wala bili, wala viza ili aandikishwe kwa GP. Wanaweza kuomba, lakini kutokuwa nazo sio sababu ya kukukataa. Wanaweza kukukataa kama daftari lao limejaa au unakaa nje ya eneo lao, na wakikukataa wanatakiwa wakupe sababu kwa maandishi ndani ya siku 14.

Nilivyotoka nikarudi pale pale, plasta ya sindano bado ipo mkononi. Nikamwambia yule bibi kwa adabu, sawa, naomba hiyo sababu ya kunikataa mnipe kwa maandishi. Akaingia ndani. Akarudi na fomu. Zile wiki mbili zote, na usiku ule, ilikuwa ni sentensi moja tu siijui. Ndio maana kila anaeondoka namkalisha kitako namwambia, na sentensi hiyo naitaka aijue kwa Kiingereza kabla hajafika uwanja wa ndege.

Mengine ni haya. Mkalimani ni haki yako na hulipi, usimfanye mtoto wako wa skuli awe ndie anaetafsiri maradhi ya mama yake. Mwanamke anaetaka dakta mwanamke aseme wakati anapoomba miadi, na ukipimwa unaweza kutaka awepo mtu wa tatu chumbani. Dawa za cheti England zinalipiwa, mwaka 2025 ilikuwa pauni 9.90 kwa kila dawa, ila Scotland, Wales na Ireland ya Kaskazini ni bure. Mwenye kipato kidogo kuna fomu ya HC1 ya kuomba msamaha wa malipo, ijaze.

Bi mkubwa anaekwenda kwa muda mfupi nae anaweza kuandikishwa kwa GP kwa muda, hata kama anakaa chini ya miezi 3, na kuonwa na GP halipi. Lakini akilazwa hospitali bili inakuja, tena kubwa, kwa hiyo mkatieni bima kabla hajapanda ndege.

Kama hujui uende wapi na sio jambo la kufa, piga 111, simu ya ushauri wa afya, wapo usiku na mchana. Ukihama nyumba waarifu, barua za hospitali zinakwenda anuani ya zamani na miadi inapita hujui. Ramadhani ikikaribia na unatumia dawa za kila siku, mwambie dakta unafunga akupangie saa. Na ukija likizo huku kisha ukarudi kule ukashikwa na homa, neno la kwanza kumwambia dakta ni kwamba umetoka Afrika Mashariki upimwe malaria, hata kama wiki zishapita, kwa sababu yeye asipojua ulipotoka ataona mafua tu atakwambia kanywe maji upumzike.